Mrejesho: Binti yangu aliyeogopa kusoma kwa sauti

Ndugu zangu, mwezi wa tatu niliwauliza nifanye nini na binti yangu wa darasa la 3, hapa Kirumba, Mwanza, aliyekuwa akiumwa tumbo kila asubuhi ya shule na kujiita mjinga. Wengi mlinishauri nimpeleke kwa mnasihi kabla ya kumwongezea tuisheni. Asanteni sana.

Kumbe ana disleksia. Nimeelezwa kwamba ubongo wake unapata shida kuoanisha herufi na sauti. Si upungufu wa akili, na mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Hapo nikamkumbuka marehemu baba: hesabu zote za dagaa pale soko la samaki la Mwaloni alikuwa nazo kichwani, lakini barua alisomewa.

Wiki za kwanza kwa mnasihi binti hakuongea, alichora tu. Siku moja akachora mtumbwi unazama, wenzake wako ufukweni wanacheka. Mnasihi akamuuliza taratibu, "Huyu aliye ndani anahitaji nini?" Akajibu, "Kasia." Nililia kwenye daladala njia nzima.

Tumbo limeacha kuuma. Kusoma bado ni kwa shida, maana mazungumzo hayafundishi herufi. Hilo linataka mazoezi ya sauti na silabi, hatua kwa hatua, nayo tumeanza. Mwalimu wake amekubali kutomsimamisha asome mbele ya darasa. Fimbo nimeitupa. Shangazi yake anasema namdekeza, bado tunaongea naye.

Jana alimsomea mdogo wake mistari 4, kidole kikifuata kila neno.