Hoja ya Hume dhidi ya miujiza: je, ufufuo unaweza kutetewa kwa akili?

Swali: Ndugu zangu, mwaka 1748 mwanafalsafa wa Uskoti David Hume alidai kwamba ushahidi wa mtu hautoshi kuthibitisha muujiza, isipokuwa uwongo wa ushahidi huo uwe wa ajabu kuliko muujiza wenyewe. Je, Mkristo anaweza kumjibu bila kukimbilia kusema “amini tu”?

Jibu: Anaweza. Hume anachukulia kwamba uzoefu wa wanadamu wote unapinga miujiza, ilhali hilo ndilo linalobishaniwa. Katika 1 Wakorintho 15, Paulo, akiandika takriban miaka 25 baada ya kusulubiwa kwa Yesu, anamtaja Kefa (yaani Petro), Yakobo na ndugu zaidi ya 500 kuwa walimwona Yesu aliyefufuka, kisha anaongeza kwamba wengi wao wangali hai, yaani wangeweza kuhojiwa.

Jibu la mwingine: Kwa heshima, ndugu, hao 500 hawakutuachia hata neno moja, tunaye Paulo tu. Kwamba Yesu aliuawa chini ya Pilato, hata Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyewadharau Wakristo, anakiri. Kaburi tupu ni suala jingine.

Muulizaji: Nakubali kwa sehemu. Hata hivyo, Paulo huyo alikuwa akiwatesa Wakristo, na kugeuka kwake, ambako hakukumletea cheo wala mali bali viboko na vifungo, bado kunahitaji maelezo.