Krismasi ya Dodoma kwa watoto waliozoea kuletewa zawadi na Christkind

Swali, kutoka Munich

Shikamooni wakubwa, na wenzangu wote nawasalimu. Mwaka huu Mungu akipenda tutakula Krismasi kwa mama mkwe wangu Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma mjini, kwenye barabara ya Iringa. Watoto wetu wamezaliwa huku, mmoja ana miaka mitano na mwenzake tisa, na kama watoto wengi wa Bavaria, hapa Ujerumani, wamekua wakijua kwamba jioni ya tarehe 24 Desemba Christkind, yaani Mtoto Kristo, hupita, huacha zawadi chini ya mti, hugonga kengele na kutoweka kabla mlango wa sebule haujafunguliwa. Mdogo ameanza kuuliza kama Christkind anaijua njia ya Mpunguzi. Mkubwa hasemi kitu, ila mdogo wake akiuliza yeye hunitazama usoni. Baba yao anaona tubebe zawadi na kuzificha kwa bibi. Mimi nasita, kwa kuwa nyumba itajaa watoto. Mliopitia hali hii mlifanyaje?

Jibu, kutoka Köln

Marahaba, mdogo wangu, na hongereni kwa safari. Kusita kwako kuna msingi. Christkind akifika Mpunguzi, kwenye nyumba iliyojaa watoto, akaacha zawadi za watoto wako wawili tu, wale wengine watakuwa wameambiwa, bila mtu kutamka neno, kwamba yupo mjumbe wa mbinguni anayewajua watoto wa Ulaya na asiyewajua wao. Mzazi akimpa mwanawe kitu kikubwa, binamu zake huelewa kwamba baba yake anafanya kazi ng'ambo, na jambo huishia hapo. Zawadi inayosemekana imeshuka kutoka juu haina maelezo ya namna hiyo, na mtoto aliyerukwa hana wa kumuuliza sababu.

Niliona hili kwa macho yangu kwa jamaa zetu wa Nkuhungu. Mtoto mgeni alikaa mkekani akifungua boksi lake, na binti mdogo wa nyumba ile, aliyekuwa amechuchumaa kando, akaokota karatasi ya kufungia iliyotupwa, akainyoosha polepole juu ya paja, akaikunja vizuri na kuitia kwenye mfuko wa gauni lake jipya. Hakulia wala hakuomba chochote. Gauni lile mama yake alikuwa amelidundulizia fedha kwa miezi, na asubuhi ile kanisani lilikuwa limemtosha kabisa kuwa furaha yake ya sikukuu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba Christkind amalize kazi yake hukohuko Munich kabla hamjapanda ndege. Mtakatifu Nikolaus tayari atakuwa ametia karanga na machungwa kwenye viatu vyao asubuhi ya tarehe 6 Desemba. Baada ya hapo mdogo amwandikie Christkind barua, amweleze kwamba mwaka huu atakuwa kwa bibi na anaomba atembelewe mapema. Kule kwenu Bavaria posta inapokea barua hizo katika kijiji cha Himmelstadt na huwajibu watoto, ila barua iende mapema, na anwani ya kurudishia majibu iandikwe vizuri. Jioni moja kabla ya safari mfunge mlango wa sebule, kengele ilie, na mambo yaishe kwa heshima zote. Mtoto wa miaka mitano haoni ajabu yoyote kwamba msafiri amehudumiwa kwanza.

Mkubwa ni habari nyingine. Mtoto anayekutazama usoni namna hiyo ameshajua, na anangoja uone kwamba anajua. Mkae wawili, umwambie ukweli wote. Mweleze kwamba Nikolaus alikuwa mtu kweli, Askofu wa Myra katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeishi karne ya nne, na kwamba mapokeo ya Kanisa yanasimulia jinsi alivyotupia dhahabu usiku katika nyumba ya baba maskini mwenye mabinti watatu aliyekosa mali ya kuwaozea, bila kutaka ajulikane. Mtoto wa miaka tisa anaielewa habari hiyo, na pengine ataipenda kuliko ile ya kengele.

Huko nyumbani zawadi itoke kwenye mkono unaojulikana, kama ilivyo desturi yetu. Baba Krismasi watoto wa Dodoma wanamfahamu kwa sura, maana yupo madukani na kwenye runinga, lakini wengi hawamngojei usiku. Wanachongojea ni nguo mpya, ibada, pilau, soda, na kutumwa kwa majirani na sahani zilizofunikwa kitambaa. Kama mna ndugu Waislamu wa Kondoa watakaokuja kula nanyi, waelezeni watoto wenu juu ya mkono wa Idi, kwa sababu nao ni utamaduni wa mtoto kupewa kitu na mkubwa anayemjua kwa jina.

Msibebe midoli. Shule hufunguliwa Januari, na huo ndio mwezi unaowakosesha usingizi wazazi wetu kwa ajili ya sare, viatu na madaftari. Pigeni simu mapema mjue namba ya kiatu ya kila mtoto, mnunue Majengo au Sabasaba mkishafika, kila mtoto wa nyumba apate cha kwake, na wa kwenu pia wapate kitu cha thamani ileile. Kisha mkabidhini bibi avigawe yeye mwenyewe, na mkubwa wenu awe msaidizi wake wa kusoma majina. Bibi akigawa, hakuna mtoto atakayejiona mgeni wala atakayejiona amerukwa.

Nyongeza, kutoka Dodoma

Nakubaliana na dada wa Köln, hasa kuhusu viatu vya shule. Naongeza mambo mawili tu. Tiketi za treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hugombewa sana wiki ya sikukuu, kwa hiyo zikateni mara tu zinapofunguliwa. Safari yenyewe ni kama saa nne hivi, na watoto huifurahia. La pili, Desemba kwetu ni msimu wa mvua. Mvua ikinyesha vizuri, bibi wa Mpunguzi hatangoja sikukuu iishe ndipo apande mtama wake, na wajukuu wataamka wamkute ameshatangulia shambani na jembe. Watoto wenu watataka kumfuata, kwa hiyo wapakieni mabuti ya mpira, na masweta machache tu.