Kukarabati nyumba huku mnaishi ndani: tuanzie wapi?

Kodi Basi:
Habari wakuu. Nyumba ni ya tofali za saruji, ipo Tabata, Dar es Salaam, ilijengwa miaka ya 1990. Ina vyumba vitatu, kimoja masta, pamoja na sebule, jiko na choo cha familia. Wayaringi ni ya zamani na haina erthi, yaani waya wa kwenda ardhini. Sakafu ni ile nyekundu ya kupiga nta, tunataka vigae vya sentimita 60 kwa 60. Vyoo vyote viwili vinafumuliwa. Tena kuta zinamwaga chumvi, rangi inabanduka hadi usawa wa goti. Tupo watano, mdogo ana miaka miwili, na kuhama haiwezekani. Fundi mmoja anasema tumalize chumba kimoja hadi rangi ndipo tuingie kingine. Mwingine anataka abomoe kote kwa mpigo. Tumsikilize nani?

Mzee wa Lipu:
Usimsikilize hata mmoja. Chumba kimoja hadi rangi kinafurahisha macho, ila waya na mabomba hayaishii chumbani. Utapaka rangi, wiki ya pili fundi umeme anakata ukuta huohuo kwa sababu laini ya jikoni inapita hapo. Na akibomoa kote mtalala wapi?

Kila kinachofichwa ukutani kifanyike nyumba nzima kwanza: kukata mifereji, kulaza mabomba ya waya na ya maji, kuyapima, kuziba. Hicho ndicho kipindi kichafu kuliko vyote. Kama mtoto ana bibi wa kumpokea, mpelekeni wakati huo. Baada ya hapo gawa nyumba pande mbili. Anza na masta na chumba cha jirani yake, ninyi mkae upande wa pili: lipu, silingi, rangi ya kwanza, vigae, milango. Rangi ya mwisho ngojeni. Lipu mpya imwagiliwe siku 7, kisha ikauke wiki 4 hivi kabla ya rangi. Kulala kwenye chumba chenye lipu tupu hakuna ubaya wowote. Kuipaka mapema ndiko kunakoleta mabaka na malengelenge.

Sasa chumvi, maana hapo ndipo hela nyingi huteketea bure. Maji yanapanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu, au iliwekwa ikachanika. Yakikauka juu ya ukuta yanaacha chumvi, inavimba na kusukuma lipu. Kupiga skimu (tabaka laini la kusawazisha ukuta) na rangi mpya juu yake ni kujidanganya. Kwanza zunguka nje: udongo uwe chini ya sakafu ya ndani angalau sentimita 15, na maji ya mvua yasirukie ukuta. Mimina ukanda wa zege wa sentimita 60 hadi 90 kuzunguka nyumba, ulalie nje. Ndani, bandua lipu hadi sentimita 50 juu ya mstari wa unyevu, mpaka tofali lionekane. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu na kufagiliwa. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ukutani. Acha ukuta wazi kadiri utakavyovumilia, ndiyo maana kazi hii inafaa kuanza mapema. Lipu ya kurudishia iwe saruji moja kwa mchanga nne, mchanga wa mto uliochekechwa, na dawa ya kuzuia maji kwa kipimo cha kwenye kopo. Mchanga wa ufukweni usiletwe kabisa. Ila ukiweka lipu ya dawa bila kurekebisha nje, unyevu utapanda hadi juu yake na rangi itabanduka usawa wa kifua.

Mbili Nusu:
Upande wa umeme. Kabla ukuta haujaguswa, fundi atoe kwenye mein swichi laini moja ya muda: breka ya ampea 16, kinga ya mshtuko ya miliampea 30, soketi mbili kwenye ubao. Waya upite juu ukutani, usiburuzwe sakafuni penye maji na mtoto. Friji, taa na grainda vitategemea hiyo, na laini za zamani zizimwe zote. Grainda ikikuta waya wenye moto ndani ya lipu, hakuna wa kulaumiwa ila aliyeacha umeme umewaka.

Waya wa taa uwe milimita za mraba 1.5, wa soketi 2.5, hita ya bafuni na jiko la umeme kila kimoja laini yake, 4 au 6 kulingana na wati. Mifereji iende wima au mlalo, isikatwe mshazari, maana kesho mtu atatoboa kutundika kabati. Piga picha kila ukuta na futi ikiwa imeshikwa pale kabla hawajaziba. Na fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Dada Chemba:
Mabomba yapimwe yakiwa na presha saa 24 kabla ya lipu. Vyoo visifumuliwe pamoja. Masta kwanza, na kile cha familia kisiguswe hadi masta kitumike siku kadhaa bila kuvuja. Bomba la inchi 4 la maji taka lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita. Kila mdomo wa bomba ulioachwa wazi uzibwe kwa kifuniko. Vinginevyo harufu na mende wa chemba ni wenu usiku kucha. Dawa ya kuzuia maji ipakwe mikono miwili sakafuni na ukutani penye bomba la mvua hadi mita 1.8, kisha ziba tundu, jaza maji sentimita 5, ngoja siku nzima. Hapo ndipo vigae.

Kodi Basi:
Asanteni sana. Fundi vigae anasema hakuna haja ya kugonga ile nyekundu, gundi za sasa ni kali. Ni kweli?

Mzee wa Lipu:
Gundi ni kali, ila itashika nta, haitashika saruji. Dondosha tone la maji: likikaa juu kama lulu bila kunywewa, nta bado ipo. Gongeni sakafu yote kwa patasi au mashine, vishimo vikaribiane, fagia, osha, ikauke. Pagongwe pia kwa mpini. Panapolia patupu pabomolewe.

Gundi na kigae vitaongeza kama sentimita 1.5, kwa hiyo milango ikatwe chini kabla, na choo cha masta kibaki chini kidogo kuliko chumba. Chumba cha mita 3.5 kwa 4 ni mita za mraba 14. Boksi la vipande 4 ni 1.44, kwa hiyo ukiongeza asilimia 10 ya vitakavyokatika chukua boksi 11. Nunua vya nyumba nzima siku moja na ukague namba ya rangi kwenye boksi, kwa sababu vya upande wa pili mtaviweka baada ya miezi. Kukata kufanyike nje, kwa mashine ya maji. Vumbi la vigae likikatwa kavu linaumiza mapafu, na mtoto wa miaka miwili anacheza humohumo sakafuni.