Tupeane uzoefu: Ubishi wa Windows, Mac na Linux ulikufikisha wapi?

Mzee wa Disketi:
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita dukani kwa jamaa yangu Kariakoo nikakuta vijana wawili nusura washikane mashati, mmoja kashika laptopu yenye nembo ya epo, yaani Mac ya Apple, anamwambia mwenzake Windows ni ya walalahoi, mwenzake anamjibu wewe umenunua urembo, hata flashi huna pa kuchomeka. Nikacheka peke yangu kwa sababu sisi tulishagombana hivyo hivyo enzi za WordPerfect, ile programu ya kuchapia barua kabla ya Word. Mliokuwepo mnaijua, skrini ya bluu, maandishi meupe, na kile kikaratasi cha kubandika juu ya kibodi kukukumbusha F7 kutoka, F10 kusevu, Shift na F7 kuprinti. Ofisini kwetu kulikuwa na mama mmoja mchapaji, akitaipu hata kioo hatazami. Ilipoletwa Word na kipanya chake akagoma, akasema yeye hakuajiriwa kusugua sabuni mezani. Mambo yakafika kwa afisa utumishi, barua zikaandikwa, tena barua ya kumlalamikia ikachapwa kwa Word na ya kujitetea akaichapa kwa WordPerfect 😂 Haya na wewe tuambie ubishi wa kampuni za kompyuta ulikufikisha wapi. Matusi hapana.

Kiti cha Mbele:
Nimewahi siti.

Fundi Chuma:
Shikamoo mzee. Umenikumbusha F1. Kwingine kote F1 ndiyo msaada, ukienda WordPerfect msaada uko F3. Nilikuwa nabonyeza F1 mpaka mwalimu akadhani nina kigugumizi cha vidole.

Kadi za Harusi:
Nyie mnaongelea Word, sisi watu wa kadi vita yetu ilikuwa CorelDRAW na Photoshop. Ukikaa vichochoro vya wachapaji wa Kariakoo ukasema unadizaini kadi kwa Photoshop unaonekana hujui kazi, na wale waliosoma chuo wakikuona na Corel wanakuona fundi wa mtaani. Mimi Corel imenisomeshea wadogo zangu, sina cha kuongeza. Halafu wengi hamjui kwamba hiyo WordPerfect ya mzee iliishia mikononi mwa haohao Corel mwaka 1996, waliinunua kwa Novell. Kwa hiyo mzee sisi ni ndugu.

Mwenye Epo:
Hao vijana wa Kariakoo mwenye Mac ndiye mwenye haki. Kupanga kurasa za magazeti na vitabu kwenye kompyuta ya mezani kulianzia kwetu, 1985, Macintosh na printa ya LaserWriter na programu ya PageMaker. Windows yenyewe ya kwanza imetoka Novemba mwaka huohuo, watu tayari wanapanga kurasa. Mliobaki mlikuja kuiga.

Pengwini Mweusi:
Hahaha mwenye Epo unaongea kama vile 1997 haikuwepo. Mliokolewa na Microsoft nyie. Steve Jobs wa Apple kasimama jukwaani Boston, Agosti 1997, Bill Gates wa Microsoft anatokea kwenye skrini kubwa nyuma yake, mashabiki wenu wanazomea, kumbe mwenzenu ndiye kaleta dola milioni 150. Watu wanatoana macho huku wenyewe wanapeana hela.

Mwenye Epo:
Zilikuwa hisa zisizo na kura, usipotoshe. Na makubaliano yalikuwa pamoja na Office ya Mac kuendelea kutengenezwa miaka mitano. Ile ni biashara, sio sadaka.

Pengwini Mweusi:
Na Internet Explorer kuwa brauza ya kwanza kwenye Mac zenu. Malizia sentensi kaka.

Kiti cha Mbele:
😂😂😂

Dada wa Leja:
Huwa nasoma tu ila leo imebidi niandike. Mimi nilikuwa karani SACCOS moja huko Nyanda za Juu Kusini, jina mniachie. Mwaka 2007 hivi. Hesabu zote za wanachama zilikuwa kwenye programu ya FoxPro ambayo mwalimu mmoja alituandikia zamani, inafunguka kwenye DOS, ule mfumo wa zamani wa maandishi matupu, unachagua namba kwenye menyu, moja akiba, mbili mikopo, tatu hisa. Mhasibu alikuwa mzee wa heshima zake tunamwita Babu. Sasa akaja kijana wa IT kwa mkataba, mtu mwema kabisa ila akianza habari za Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, chai inapoa. Na katibu wetu alikuwa mtu wa Windows kufa kupona kwa sababu shemeji yake anauza kompyuta. Kila saa nne ni ubishi, huyu anasema Microsoft wanatunyonya leseni, yule anasema leseni ipi mbona sisi tunapigiwa Windows na fundi, mpaka siku moja katibu akamwambia mbele ya wanachama, cha bure ndiyo thamani yake hiyo, na wewe mwenyewe tumekupata kwa bei hiyohiyo. Watu wakacheka. Kijana akanyamaza, na mimi nilivyomwona alivyonyamaza nikajua hapa kuna jambo. Ijumaa akaomba ufunguo wa ofisi eti anasafisha virusi, na kweli tulikuwa navyo, kila flashi ilikuwa na kale kafolda kanakojifungua kenyewe. Jumatatu tunafika, washa mashine, sauti ya ngoma, kioo cha kahawia, Ubuntu, ndiyo Linux yenyewe. Zote. Alikuwa na zile CD ambazo ukiomba unaletewa bure mpaka sanduku la posta. Na siku hiyo ndiyo siku ya mikopo ya ada, Januari, foleni imetoka nje ya geti. Babu akakaa kwenye kiti chake, akatafuta kialama chake cha leja hakioni, akavua miwani akaifuta akavaa tena. Akauliza taratibu, mwanangu, leja nimeikosea wapi? Kijana akasema Babu usihofu, nilinakili kila kitu kwenye CD kabla ya kufomati. Akatoa CD. Akaiweka. Mashine ikaunguruma, ikanyamaza, ikaunguruma tena, ikaitema.

Ngoja nimpeleke mtoto tuisheni, nakuja.

Fundi Chuma:
Dada usitufanyie hivyo.

Kiti cha Mbele:
Nani anampeleka mtoto tuisheni saa hizi jamani

Binti Makambako:
Mimi mtu akigusa akiba yangu ya ada siwezi kungoja CD iungurume. Huyo kijana alitoka mzima?

Mbishi wa Luthuli:
Wakati tunamngoja dada acheni niwaambie kwa nini Linux ilishindwa huku kwetu, na haihusiani na ubora. Niko Nairobi, nilikuwa na cyber kabla nyaya za baharini hazijafika 2009. Intaneti ilikuwa ya setelaiti, bei ilikuwa inauma, na hapo mtu wa Linux anakuambia oh ukikosa draiva ingia tu mtandaoni uidownload. Kwa pesa ya nani? Windows ulipata CD yake Luthuli Avenue kwa bei ya chipsi, ina kila kitu na kreki ya kukwepa leseni ndani, na fundi wa kuirudishia yuko kila jengo. Ikiharibika unapigiwa upya jioni unaendelea. Sasa hapo unashindana na nini? Watu wanasema bure imeshindwa na ya kununua, la hasha, ilikuwa bure dhidi ya bure, na ile bure nyingine ilikuwa na fundi.

Mwalimu Hesabu:
Umeongea. Na Gates mwenyewe alilijua hilo. 1976 aliwaandikia barua wazi wale wapenzi wa kompyuta, anawalaumu kwamba wanaiba programu yake ya BASIC. Kufika 1998 anaongea habari za China anasema kama wataiba basi heri waibe ya kwetu, siku moja watalipa. Mfanyabiashara huyo.

Chama la Bill:
Alianza kwa kuiba DOS, atashindwaje kuwaelewa wezi.

Mwalimu Hesabu:
Hakuiba, alinunua. Seattle Computer Products, haki zote wakamuuzia dola 50,000 mwaka 1981, wao hawajui kwamba kampuni kubwa ya IBM yuko mlangoni anaitaka. Ujanja, ndiyo. Wizi, hapana.

Chama la Bill:
Kununua shamba la mtu bila kumwambia barabara inapita hapo ni nini?

Mbishi wa Luthuli:
Inaitwa biashara boss.

Mwenye Epo:
Na Netscape je? Ile nayo ni biashara? Brauza inauzwa, wewe unaiweka yako bure ndani ya Windows ambayo kila mtu anayo. Jaji Jackson wa Marekani aliamuru 2000 Microsoft ipasuliwe vipande viwili.

Mwalimu Hesabu:
Na rufaa 2001 ikafuta huo upasuaji. Ila walikutwa na hatia ya kulinda ukiritimba, hilo halikufutwa. Mimi nilikuwa mtu wa Netscape, kile kinembo cha N chenye nyota zinazopita nilikuwa nakitazama tu, ukurasa wenyewe unakuja ukitaka.

Pengwini Mweusi:
Nyie mnasahau la nyumbani. 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, ya Kiswahili kamili, menyu zote. Microsoft nao ndipo wakaja na Windows na Office za Kiswahili. Bila ushindani nani angekukumbuka wewe wa Makambako?

Binti Makambako:
Makambako tunakumbukwa kwa treni, kaka. Na hiyo Windows ya Kiswahili niliiona kwa mtu mmoja, kila akipigiwa simu na fundi amwambie bonyeza fulani anashindwa kuiona maana fundi anataja Kiingereza. Akairudisha.

Fundi Chuma:
Huyo fundi nilikuwa mimi pengine 😂

Dada wa Leja:
Nimerudi. CD tuliijaribu kwenye mashine zote, hakuna iliyoisoma. Wanachama wameshanusa, mmoja akaanza kusema kwa sauti fedha zimeliwa, mwenyekiti kafunga geti kwa ndani na sisi tumo. Kijana amekaa chini sakafuni. Katibu anazunguka anasema niliwaambia, niliwaambia, na kusema kweli aliniudhi yeye kuliko huyo aliyefuta. Babu hakusema neno. Akaenda kabatini akatoa kopo la biskuti, limejaa disketi. Kumbe kila Ijumaa kabla ya kufunga alikuwa ananakili mafaili ya data za FoxPro, yale ya DBF, na kuandika tarehe juu kwa penseli, na hakuwahi kumwambia mtu. Sasa data tunayo ila ile programu ya menyu haimo kwenye disketi, na yule mwalimu aliyeiandika alishahama mkoa. Katibu akapiga simu kwa shemeji alete mashine yenye Windows, shemeji yuko safarini. Kijana akasema kwa sauti ya chini Babu naomba disketi moja. Akafungua OpenOffice, upande wa majedwali unaoitwa Calc, akalifungua lile faili moja kwa moja. Majina yakaja! Safu kwa safu, namba ya mwanachama, hisa, akiba, deni. Babu akavuta leja yake ya karatasi, mimi nasoma kwenye kioo yeye anaweka vema, tukamaliza usiku. Ada zikalipwa kesho yake. Mkataba wa kijana ukavunjwa wiki hiyohiyo, mashine zikarudishiwa Windows.

Pengwini Mweusi:
Mmeona? OpenOffice imeokoa SACCOS. Nimefunga mjadala.

Chama la Bill:
Imeokoa moto iliouwasha yenyewe. Asingegusa kitu watu wangelipwa saa tatu asubuhi.

Pengwini Mweusi:
FoxPro ni ya nani? Si Microsoft waliinunua 1992?

Chama la Bill:
Na iliwatumikia mpaka mtu wenu alipofika. Unajichomea mwenyewe.

Kadi za Harusi:
Aliyeokoa ni Babu na kopo lake, acheni ujinga.

Mbishi wa Luthuli:
Huyo Babu apewe kitengo cha usalama wa data nchi nzima.

Kiti cha Mbele:
Dada swali. Huyo kijana ndiye baba watoto?

Dada wa Leja:
Hapana. Niliolewa na shemeji yake katibu, yule muuza kompyuta.

Fundi Chuma:
Weeeee

Kiti cha Mbele:
Microsoft imeshinda tena 😂😂

Mwenye Epo:
Hii ndiyo tunaita kukamata soko.

Msambazaji Deira:
Niko Dubai natuma mashine za mtumba Dar na Mombasa. Niwaambie kitu, mteja akinipigia simu haulizi Windows wala Mac. Anauliza betri inakaa na chaji, bei, na mzigo unafika lini. Ubishi huu ni wa watu wenye kompyuta tayari.

Mama Mitihani:
Samahani naingilia. Nina laptopu ya mtumba nataipia mitihani na steshenari ndogo, ina Windows 10, nasikia tangu Oktoba 14, 2025 hawaihudumii tena na Windows 11 inaikataa. Nifanyeje?

Pengwini Mweusi:
Mama weka Linux Mint, utanishukuru.

Chama la Bill:
Usiweke, mama. Wateja wanakuja na faili za Word zina jedwali, zikipinda watakudai pesa yao. Endelea na 10, kuna mtu alikaa na Windows XP miaka mingi baada ya kufungwa 2014 na hakufa.

Mwalimu Hesabu:
Mtihani wa shule ukivuja kwa sababu ya kompyuta isiyo na kinga ataitwa yeye, sio wewe. Mama usimsikilize.

Mwenye Epo:
Nunua Mac.

Mama Mitihani:
Kwa steshenari gani, baba?

Fundi Chuma:
Mama achana nao. Nitajie modeli na prosesa. Ikiwa Intel kizazi cha 8 kwenda juu na ina TPM 2.0, kile kifaa cha usalama cha ndani, Windows 11 inaingia, mara nyingine TPM imezimwa tu kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, inawashwa.

Mama Mitihani:
Imeandikwa i5-6300U.

Fundi Chuma:
Hiyo ni kizazi cha 6, haimo kwenye orodha yao. Basi fanya hivi, mitihani itaipie kwenye hiyo ila itoe kabisa intaneti, na flashi za wateja zifungulie kwenye mashine nyingine. Na nunua flashi yako moja, kila Ijumaa unanakili.

Pengwini Mweusi:
Au weka Mint.

Chama la Bill:
Wewe hujakoma tu?