Naomba ushauri: tuwapeleke vijana wa usharika Gisozi na Nyamata?

Mlezi wa Vijana, Bukoba

Ndugu zangu, Bwana Yesu asifiwe. Usharika wetu umealikwa Kigali kwa safari ya uinjilisti ya siku sita, nami nimekabidhiwa vijana 24 wa miaka 16 hadi 22, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa amezaliwa mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Wenyeji wetu wamependekeza tutembelee kituo cha kumbukumbu cha Gisozi na kanisa la Nyamata. Mzee mmoja wa kanisa anapinga, akisema tumetumwa kuhubiri Injili na si kutazama mafuvu ya watu. Mwingine anataka kwaya iimbe ndani ya kanisa lile ili kuwafariji wenyeji. Nafsi yangu inasita pande zote mbili. Je, twende? Na tukienda, tuingie kwa namna gani?

Binti Karagwe

Mlezi, nendeni, lakini kwaya isiimbe mle ndani. Nilifika Nyamata mwaka 2018 pamoja na walimu wenzangu. Ni kusini mwa Kigali, katika wilaya ya Bugesera. Nguo za waliouawa zilikuwa zimerundikwa juu ya mabenchi ya waumini, zote zimegeuka rangi ya udongo, na jua lilipenya kwenye matundu ya bati likaacha vidoa vya mwanga juu yake. Nilisimama mbele ya kisweta cha mtoto kilichotiwa kiraka kiwikoni kwa uzi wa rangi nyingine, kwa mishono midogo midogo ya uangalifu. Watu wale walikimbilia kanisani kwa sababu katika machafuko ya miaka ya nyuma walioingia kanisani walisalimika. Aprili 1994 wauaji waliwafuata humo humo. Kupiga picha ndani hakuruhusiwi, kwa hiyo simu zikusanywe kabla ya kushuka kwenye basi.

Mzee wa Ngara

Mwanangu mlezi, mimi nilikuwapo hapa Ngara mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda, kwa muda wa takriban saa 24, huku maiti zikiteremka na maji ya Mto Kagera. Vijana wako wasidhani wanakwenda kutazama habari ya mbali, kwani mto huo huo ndio unaoingia ziwani upande wenu. Kuhusu mahubiri, kumbuka kwamba miongoni mwa waliotiwa hatiani na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha wamo watumishi wa madhabahu: Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji wa Kiadventista, na Athanase Seromba, padri wa Nyange, ambako kanisa lilibomolewa kwa tingatinga huku watu wakiwa ndani. Mgeni mwenye Biblia mkononi anayeanza kuwafundisha wafiwa kusamehe, ilhali hajasikia waliyopitia, anawatonesha kidonda. Tangulieni kusikiliza.

Mkazi wa Kigali

Karibuni sana. Hapa husemwa kwa ukamilifu "mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi", basi wazoezeni vijana jina hilo, na asiwepo wa kumuuliza mwenyeji kabila lake, wala wa kumwomba manusura asimulie alivyopona. Akitaka kusema, atasema mwenyewe. Anzeni na Gisozi, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000, kwa sababu maonyesho yake yanaeleza jinsi chuki ilivyopandwa tangu enzi za ukoloni, na bila maelezo hayo Nyamata itawatisha tu bila kuwaelewesha. Chumba cha watoto ndicho kigumu kuliko vyote: pamoja na picha ya mtoto imeandikwa chakula alichokipenda na namna alivyouawa. Atakayeshindwa kuendelea atoke nje na mtu mzima wa kukaa naye. Kituo kingine cha kumbukumbu, Murambi, ambako miili imehifadhiwa kwa chokaa, msiwapeleke wenye miaka 16. Na jioni ya siku hizo msiweke mkutano wa injili.

Mlezi wa Vijana, Bukoba

Asanteni, Mungu awabariki. Ratiba nimeibadilisha: Gisozi siku ya pili, Nyamata siku ya nne, na jioni zote mbili tutakaa na wenyeji wetu bila mahubiri. Kwaya itaimba Jumapili usharikani kwa wenyeji, nyimbo watakazozichagua wao. Wazazi wa walio chini ya miaka 18 nitakutana nao kwanza. Mzee wangu wa Ngara, shikamoo. Tutapita Rusumo asubuhi, na ukiwa na nafasi naomba uje darajani uwaeleze vijana uliyoyaona.