Utumwa ulikoma Marekani mwaka 1865: kilichofuata kilikuwa suala la rangi au la viwanda?

Mwanachuo_Makulu
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Kikundi chetu cha majadiliano, ambacho hukutana kila Alhamisi huku Dodoma Makulu, kimegawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba yaliyowapata Wamarekani Weusi wa kusini baada ya utumwa yalitokana na ubaguzi wa rangi tu, na wapo wanaosema rangi ilikuwa kisingizio cha wenye mashamba, reli na migodi waliotaka nguvu kazi ya bei nafuu. Mimi nimekwama katikati, kwa kuwa Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipiga marufuku utumwa nchi nzima, na bado miaka 40 baadaye naona watu wanafanyishwa kazi bila ujira. Upenyo ulikuwa wapi? Na wale wanamageuzi wa mijini, waliopigania watoto watolewe viwandani, walikuwa wakitazama wapi?

Mkulima_Hombolo
Marahaba mwanangu. Anza na ardhi kabla hujafika kiwandani. Januari 1865 Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini alitoa amri ya kuwagawia walioachwa huru viwanja vya hadi ekari 40 katika ukanda wa pwani wa South Carolina, Georgia na Florida, lakini mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson akawa ameshaanza kuwarudishia mabwana wa zamani mashamba hayo. Asiye na ardhi wala nyumbu wa kulimia (chotara wa punda na farasi) alilima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno, mara nyingi nusu kwa nusu, huku unga, nguo na mbolea akivichukua kwa mkopo dukani, na dhamana ikiwa ni pamba ambayo bado haijachipua.

Sisi wa alizeti tunajua kuuza zao likiwa shambani. Mwaka mmoja nilichukua magunia mawili ya mahindi mwezi Januari, ghala likiwa tupu, na wakati wa mavuno aliyenikopesha akaja kupima alizeti yangu kwa lumbesa. Daftari la deni alikuwa nalo yeye. Hata hivyo nilipomaliza kulipa nilihamia kwa mwingine, wala hakuna askari aliyenifuata. Kule Alabama, mfanyakazi aliyepokea malipo ya awali kisha akaondoka bila kuyarudisha alihesabiwa tapeli na kushtakiwa kwa jinai, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoitengua sheria hiyo mwaka 1911 katika kesi ya Alonzo Bailey.

Karamu_ya_Kondoa
Upenyo unaoutafuta umo ndani ya Marekebisho yenyewe, ambayo yanakataza utumwa na kazi ya lazima isipokuwa iwe adhabu ya kosa ambalo mtu ametiwa hatiani. Mwishoni mwa 1865 hiyohiyo Mississippi ilitunga sheria iliyomtaka Mweusi awe na hati ya kuthibitisha kazi yake kila Januari, pamoja na sheria ya uzururaji ambayo chini yake aliyeshindwa faini alikodishwa kwa yeyote aliyekubali kumlipia. Wa umri wangu hatuhitaji kuelezwa maana ya uzururaji. Tulikuwapo wakati wa Nguvu Kazi ya 1983, serikali yetu ilipowakamata mijini walioonekana hawana kazi na kuwapeleka mashambani.

Hapo ndipo viwanda vinapoingia. Birmingham, mji wa Alabama ulioanzishwa mwaka 1871 kwa ajili ya chuma na makaa ya mawe, ulizungukwa na migodi iliyokodishiwa wafungwa na serikali. Hukumu ya mtu aliyekamatwa kwa kamari au kwa kudandia treni iliweza kuwa fupi, lakini gharama za mahakama nazo aliongezewa kama siku za kuchimba. Mwenye mtumwa alikuwa amemnunua kwa fedha nyingi, kwa hiyo kifo kilimtia hasara. Mfungwa wa kukodi akifa, aliletwa mwingine. Asubuhi ya tarehe 8 Aprili 1911 mgodi wa Banner, karibu na Birmingham, ulilipuka na kuua watu 128, wengi mno wakiwa wafungwa Weusi. Alabama iliuacha utaratibu huo mwaka 1928.

Ntyuka_77
Naomba kutofautiana kidogo, kwani maslahi ya kiuchumi peke yake hayafiki mwisho wa habari. Mwaka 1891 wachimbaji huru wa Coal Creek, Tennessee, wengi wao Wazungu, walivamia kambi wakawapandisha wafungwa kwenye treni na kuwaondoa, na baadaye wakachoma kambi. Hawakusukumwa na huruma. Mfungwa alikuwa akiwashushia mshahara. Jimbo liliacha kukodisha wafungwa mwaka 1896.

Sasa linganisha na South Carolina, ambako sheria ya 1915 ilikataza Mweusi na Mzungu kufanya kazi katika chumba kimoja cha kiwanda cha nguo, na ikashuka hadi kwenye ndoo ya maji na kata ya kunywea. Viwanda hivyo viliajiri Wazungu karibu pekee, kwa hiyo sheria za kuwatoa watoto humo ziliwafaa watoto wa Kizungu, na mtoto Mweusi akabaki kwenye pamba. Tuwe waadilifu: Jane Addams, aliyeanzisha Hull House, nyumba ya kuwahudumia maskini na wahamiaji mjini Chicago, mwaka 1889, na Florence Kelley, mpinzani mkubwa wa ajira ya watoto, walikuwa miongoni mwa walioitikia wito wa kuunda NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, mwaka 1909. Lakini hata sheria ya kitaifa ya 1938 iliyoweka kima cha chini cha mshahara iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, na kusini hizo ndizo zilikuwa kazi za Weusi.

Mwanachuo_Makulu
Nashukuru sana. Naona swali nililiuliza vibaya, maana nililazimisha moja kati ya mawili. Alhamisi nitaanza na ile kata ya maji, kwa sababu sioni mwenye kiwanda alipata senti gani kwa kuitenga. Mzee wa Hombolo, unaniruhusu nitumie habari ya alizeti?

Mkulima_Hombolo
Itumie, ila usiulize jina la aliyenipimia. Tunasali kanisa moja.