Cheti cha sheria: Lushoto, Mzumbe, Iringa au kubaki Dodoma?

BintiNkuhungu
Mbukwenyi wapendwa. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha nne. Ana C ya Historia, C ya Kiswahili na D tatu, Kiingereza ikiwemo. Anataka sheria, na si utani: mama yetu mdogo ana mgogoro wa kiwanja wa tangu enzi za CDA (ile mamlaka ya zamani ya ustawishaji makao makuu Dodoma), na huyu binti ndiye anayemsomea barua na kumpangia makaratasi yake. Tumefikiria Lushoto, Mzumbe au Iringa. Wengine wanatushauri achukue kozi fupi ya wasaidizi wa kisheria hapa hapa mjini aanze kazi mapema. Ada tutalipa kwa awamu. Naombeni ushauri wa waliopita huko.

KaraniAreaC
Dada, kabla ya chuo, mwulize anataka kuwa nani, maana hapo umechanganya njia mbili.

Msaidizi wa kisheria anayetajwa kwenye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ni mtu wa jamii. Anaelimisha, anaelekeza mwananchi aende ofisi gani, anasaidia wanaogombana wakae wazungumze. Hamtozi mtu pesa. Ni kazi ya heshima kubwa, lakini haimlipi kodi ya chumba. Akianza kuandikia watu nyaraka za kisheria kwa malipo wakati si wakili, anaingia kwenye makatazo ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341.

Njia ya pili ndiyo ninayoifanya mimi: msaidizi ndani ya ofisi ya wakili. Naandaa rasimu, wakili anazisoma na kusaini. Natunza majalada, nafuatilia tarehe za mashauri, naangalia nyaraka zimeingiaje kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Siku hizi karani asiyejua kompyuta anaikwamisha ofisi nzima. Kwa njia hii kozi fupi haitoshi. Anahitaji astashahada kisha stashahada ya sheria, kutoka chuo ambacho cheti chake hakitatiliwa shaka.

Na kwa Dodoma ya sasa kazi ipo. Makao makuu ya Mahakama yako hapa, Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki (jengo moja lenye mahakama za ngazi mbalimbali) kipo, wizara zipo Mtumba, na mawakili wanazidi kufungua ofisi. Asome popote, arudi hapa kufanya mafunzo kwa vitendo.

MzeeWaManyoni
Nimesoma Lushoto, naitetea bila aibu. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilianzishwa kwa sheria ya 1998 na kazi yake ni hiyohiyo, sheria na mahakama. Huchanganyiki na watu wa uhasibu na masoko. Unasoma mwenendo wa shauri kama mtu atakayeushika kesho mezani. Ukimaliza, makarani na mahakimu wanakijua chuo chako.

Ubaya wake ni umbali. Kutoka Manyoni unapita Dodoma, Morogoro, Chalinze, Segera hadi Mombo, kisha unapanda milima ya Usambara. Kwa mtoto aliyezoea jua la Dodoma, baridi ya mwezi wa saba si mchezo. Mnunulieni sweta na blanketi zito. Nauli nayo ipigieni hesabu, likizo zote.

RuahaKwetu
Iringa msiipite haraka. RUCU, yaani Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, iko mjini kabisa, na kwa barabara ya Mtera mtoto anafika Dodoma siku hiyohiyo. Ni chuo cha Kanisa Katoliki, kwa hiyo ulizeni ada yote pamoja na michango midogomidogo, si ada ya masomo peke yake. Uzuri ni kwamba anasoma jirani na wanaochukua shahada ya sheria, anaona wakibishana kesi, anaingia maktaba yao.

Mzumbe nayo ni nzuri na ina jina kwa waajiri. Ila angalieni kozi anayoomba inafundishwa kampasi gani. Wana Morogoro, wana na Mbeya. Kwa treni ya SGR Morogoro imekuwa karibu mno na Dodoma. Mbeya ni safari nyingine.

MsaidiziKongwa
Mimi ni huyo msaidizi wa jamii anayetajwa hapo juu, na sitaki njia yangu ionekane ndogo. Wajane wanaonyang'anywa mashamba huku kwetu hawana wakili. Wananikuta mimi. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi tena hukumu za ardhi, na watu wengi hawajui. Wanapoteza muda wakisubiri hukumu ambayo haitakuja. Anayewaambia wafungue shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni sisi.

Hata hivyo nakubaliana na Karani. Mimi nina shamba na duka ndiyo maana naweza. Binti asiye na kipato atangulize stashahada. Kusaidia watu hakutamkimbia, na atawasaidia akiwa anajua zaidi.

KaraniAreaC
Kweli kabisa. Niongeze la Kiingereza. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, lakini vitabu na hukumu nyingi za zamani ni Kiingereza, na madarasani ni hivyohivyo. D yake ya Kiingereza aifanyie kazi. Miezi hii ya kusubiri asome hukumu kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure, hata moja kwa wiki.

BintiNkuhungu
Asanteni sana. Je, akitaka baadaye kuwa wakili njia itakuwa imefungwa? Na mkopo?

MzeeWaManyoni
Haijafungwa. Stashahada yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0 na kuendelea inamwezesha kuomba shahada ya sheria, na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, iko mlangoni kwenu. Kisha Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), Dar. Mkopo wa stashahada ulipoanza 2023/24 ulilenga afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini na kilimo. Sheria haikuwemo, kwa hiyo jipangeni wenyewe.

RuahaKwetu
Na kabla hamjalipa hata shilingi, hakikisheni chuo na kozi yenyewe vipo kwenye orodha ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Chuo kinaweza kuwa na usajili, kozi ya sheria isiwe na ithibati. Kuna jirani yangu alilipa muhula mzima ndipo akauliza.

BintiNkuhungu
Tumekaa naye jioni hii. Lushoto chaguo la kwanza, RUCU la pili. Mama mdogo kasema sweta atanunua yeye.